Kubadhi la Mfalme Sarhani

Inspekta Zeyana Hamad hakupenda kesi inayokuja ikiwa imeshapikwa. Hii ya nyumba ya mazoezi ya Kiponda ilikuja imepikwa, imepakuliwa, na mkubwa wake anamsukumia tonge mdomoni. Mtuhumiwa yumo rumande. Shahidi aliyeona kwa macho yake yupo. Sababu ya kuua mji mzima unaijua, na kila anayeieleza anaieleza kwa maneno yale yale: Mmanga Khatib kacheza ufalme mpaka ufalme umempanda kichwani.

Mkuu wa Upelelezi alikuwa amempa mpaka magharibi. Jalada lifungwe, lende kwa mwendesha mashtaka, na kesho asubuhi Mmanga asimamishwe mahakamani kwa kumuua rafiki yake Ridhwan. Adhabu ya kosa hilo ni kunyongwa. Zeyana aliitikia "naam, afande" kwa heshima zote, akatoka, akamchukua Sajini Kheir, na badala ya kuliendea jalada wakarudi Kiponda.

Mchezo wenyewe wa kuigiza ni wa kale. Hapana mtoto wa Unguja aliyepita skuli asiyeujua. Mfalme Sarhani anamuua nduguye usingizini, anakikalia kiti chake, na tangu siku hiyo usingizi unamhama yeye. Kwanza anamwogopa mpishi. Kisha anamwogopa rafiki yake wa utotoni, anamsukuma kutoka roshanini. Mwisho anamwogopa mkewe, malkia asiye na kosa hata la ukucha. Anakikataa kikombe anacholetewa, anamchoma jambia, halafu anakuja kugundua kwamba kikombe kilikuwa na maji matupu. Hapo ndipo watu wanapolia, hata wale waliokuja kwa ajili ya kula njugu tu.

Mmanga alikuwa mkuu wa kikundi cha maigizo na Sarhani wa kikundi hicho, miaka na miaka. Wauza samaki wa Darajani walimwita "Mfalme" na yeye akiitika. Lakini msimu huu mambo yaligeuka. Alikataa chai ya wenzake. Alibadilisha makufuli. Alisema vitu vyake vinahamahama chumbani, kwamba mtu anaingia kwake wakati yeye hayupo. Siku moja alimletea Zeyana chupa ya kahawa ofisini, imefungwa kwa kitambaa, anataka ipimwe. Ikapimwa. Ilikuwa kahawa, tena kahawa nzuri. Mmanga alipoambiwa hivyo alimtazama Inspekta kwa huruma, kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Na alipohojiwa jana, baada ya Ridhwan kuokotwa kichochoroni shingo imevunjika, alisema jambo ambalo Zeyana hakulitilia maanani wakati ule. Alisema hana anayemwamini duniani ila Bi Tahiya, mkewe. Chakula hali ila cha mkono wake, tena mpaka mkewe mwenyewe akionje mbele yake. "Kosa la Sarhani si kuogopa," alisema. "Kila mfalme ana wa kumwogopa. Kosa lake ni kumshuku mkewe. Mimi mchezo huu nnaujua, Inspekta. Kosa hilo silirudii."

Nyumba ya mazoezi ni nyumba ya zamani ya ghorofa, mlango wake mkubwa unatazama kichochoro chembamba. Ukiingia tu unakutana na ngazi ya mawe. Juu kuna chumba kirefu kilichotandikwa mikeka, na kwa sababu ya mikeka hiyo kila mtu huvua viatu chini, penye kidaraja cha kwanza. Chumba kina roshani ya mbao upande wa mbele. Kutoka hapo ndipo Ridhwan alipoanguka.

Maelezo ya shahidi yalikuwa mafupi na safi. Wakil Sleyum, anayecheza Waziri, alisema mazoezi yalivunjika kwa ugomvi: Mmanga alimkabili Ridhwan mbele ya watu akamwambia anataka kumuua. Watu wakatawanyika kwenda kusali alasiri. Ridhwan na Mmanga wakabaki. Wakil alisali, akakumbuka kofia yake, akarudi taratibu, akaingia kwa mlango wa mbele, akapanda ngazi, na alipofika juu akamwona Mmanga, bado amevaa joho la kifalme, anamsukuma mwenzake. Akateremka mbio, akatoka nje kupiga kelele. Mmanga kwa upande wake alisema alikuwa chumba cha nyuma akitia udhu, akasikia ukelele, akakimbilia roshanini. Bahati mbaya hapo ndipo kichochoro kizima kilipoinua macho kikamwona, na joho lake.

Zeyana alisimama chini ya ngazi, simu mkononi, akilinganisha picha za jana na mahali penyewe. Ndiyo kawaida yake: hatazami kilichopo, anatazama kilichobadilika. Kheir ndiye aliyekuwa askari wa kwanza kuingia, na alipiga picha kila alipokanyaga, kama alivyofundishwa. Inspekta alizipitisha moja moja. Kisha akarudi nyuma picha moja.

"Kheir, hili kubadhi nani kaligusa?"

Lilikuwa kubadhi la Mmanga, la ngozi, kubwa, la kazi ya mkono. Kwenye picha lilikuwa katikati ya kidaraja cha pili, limepinduka, soli juu. Sasa lilikuwa pale pale, lakini limekaa sawasawa.

Kheir alibabaika. Alisema hajui, kisha akasema anajua. "Nimeligeuza mimi, afande. Nilishapiga picha kwanza, wallahi. Lakini lilikuwa soli juu, linatazama mbinguni. Nisingeweza kulipita vile."

Zeyana alifungua mdomo amkaripie, kwa maana kugusa kitu mahali pa tukio si mchezo, na maneno ya kumkaripia alikuwa nayo tele. Akaufunga. Angekuwa yeye angefanya vile vile, na mkono ungetangulia akili. Nani aliyelelewa mji huu akaacha kiatu kimeelekeza soli juu kwa Mola? Bibi yake alikuwa akinyanyuka kwenye chakula, vidole vina mchuzi, kwenda kugeuza kandambili la jirani.

Akakaa kwenye ngazi. Kheir akadhani anatafuta adhabu ya kumpa.

"Wakil kasema alipita wapi?" aliuliza mwishowe.

"Mlango wa mbele, afande. Akapanda ngazi hii."

"Hana haraka, kaja kuchukua kofia."

"Ndivyo alivyosema."

"Mtu wa safu ya mbele mskitini. Na hili lipo katikati ya njia, soli juu." Kheir alimtazama, akalitazama kubadhi, na rangi ya uso wake ikabadilika.

Lakini Zeyana si mtu wa kukimbilia. Kubadhi lingeweza kupinduliwa na Wakil mwenyewe wakati akiteremka mbio. Wakili yeyote wa mahakamani angelisema hilo kabla hajamaliza kuvaa miwani. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaona juu ya soli kitu cha manjano, kama uzi. Akalirudisha kubadhi lilivyokuwa, soli juu, moyo ukimsuta kidogo, akamtuma Kheir amwite mshona nguo wa kikundi, Bi Fathiya, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Bi Fathiya aliingia akihema, mtu mzima, pini zimechomekwa kwenye mtandio. Zeyana alimwamkia shikamoo. Kabla ya kuitika, kidole gumba cha mguu wa bibi kilishalipindua kubadhi likakaa sawa. "Marahaba, mwanangu," alisema, wala hakujua alichokifanya.

Alipoonyeshwa picha alishika kinywa. Ule uzi wa manjano aliujua. Ulikuwa kipande cha utepe wa zari wa shali ya malkia, na tangu jana alikuwa akikitafuta kote kote. Akaeleza. Siku ile yeye ndiye aliyetoka mwisho, mavazi yamemjaa mikononi mpaka kidevuni. Katika msukumano wa watu kuvaa viatu kubadhi lilikuwa limeshapinduka. Alitaka kuligeuza, akashindwa hata kuinama, akasema moyoni atakayekuja nyuma yake ataligeuza. Utepe lazima ulidondoka hapo hapo.

"Mwanangu, nilisali alasiri lile kubadhi limo machoni," alisema, na ilikuwa dhahiri limo bado.

Zeyana alishusha pumzi. Basi kubadhi lilipinduka kabla, utepe ukaanguka juu yake, na wakati Kheir anapiga picha utepe ulikuwa juu yake bado. Kati ya Bi Fathiya kutoka na polisi kuingia, ngazi ile haikupandwa wala haikuteremkwa na mtu. Watu wa kichochoroni walikuwa wameishia kwenye maiti, na Mmanga alikutwa bado yuko juu, roshanini.

Akamuuliza juu ya ugomvi. Bi Fathiya alisema wote walisikia makelele ya Mmanga, lakini waliosikia jibu la Ridhwan walikuwa wachache, kwa sababu alijibu kwa sauti ya chini. Yeye alikuwa karibu, akikunja nguo. Ridhwan alimshika Mmanga mkono akamwambia, "Subiri watoke, nikwambie unayemwamini ndiye nani."

"Nani mwingine aliyekuwa karibu?"

Bi Fathiya alifikiri. "Wakil. Alikuwa mlangoni, kavaa kofia yake, anatungoja." Na yeye mwenyewe akajisikia alichokisema.

Zeyana alimshukuru, akamwomba asizungumze na mtu, akajua anaomba lisilowezekana. Kisha akapanda juu na Kheir, akapita chumba cha mikeka, akafika mwisho wa ukuta ambako jana hakuna aliyejali kutazama. Hapo kulikuwa na mlango mdogo wa wikio, ule ujia wa juu kwa juu unaovuka kichochoro, waliojengewa wanawake wa zamani wapite nyumba hadi nyumba bila ya kukanyaga mtaani. Wikio hili liliunganisha nyumba ya mazoezi na nyumba ya Mmanga upande wa pili. Mmanga alikuwa amesema mlango huo haukufunguliwa tangu hofu ilipomwanza. Kufuli alilitia upande wa kwake, ili watu wa kikundi wasimwingilie. Funguo zilikuwa mbili. Moja aliitosa baharini kwa mkono wake, pale Forodhani, na watu wakamcheka. Ya pili alimpa mkewe.

Inspekta alipitisha kidole kwenye bawaba. Kilirudi na mafuta. Akanusa: mafuta ya nazi, hayajachacha. Mlango usiofunguliwa haupakwi mafuta, na anayeupaka anataka usilie.

Ndipo ubaridi ulipomwingia. Mmanga hakuwa na wazimu. Vitu vyake vilihamahama kweli, na mtu aliingia kwake kweli. Aliingia akatoka, akamlisha hofu kidogo kidogo, mpaka siku ilipotokea maiti mji mzima uwe umeshajua muuaji ni nani. Na Zeyana alikuwa mmoja wa huo mji. Aliona haya, na hasira juu ya haya.

Wakil Sleyum alikuja alipoitwa, bila kinyongo. Alikuwa mtu mrefu, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, sauti nzito ya kupendeza. Zeyana alimwomba radhi kwa usumbufu, akasema ni utaratibu tu: apite tena kama alivyopita jana, huku akieleza, naye Sajini atarikodi. Mlango ulikuwa umerudishwa. Kubadhi lilikuwa kwenye kidaraja cha pili, soli juu.

Wakil aliufungua mlango akaingia, na kwa kuwa alikuwa mwigizaji hakuweza kuifanya kazi nusu nusu. "Basi mimi nikaingia hivi, taratibu. Nikapiga hodi, hapana aliyeitika. Nikavua viatu hapa. Nikasema moyoni, ngoja nichukue kofia yangu niende zangu..." Aliinama katikati ya sentensi, akaligeuza kubadhi, akalisogeza pembeni kwa adabu, "...nikaanza kupanda, na hapo ndipo niliposikia..."

Akasita. Mguu mmoja ulikuwa juu, mmoja chini. Aliutazama mkono wake uliogusa kubadhi kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Jana hukuligeuza," Zeyana alisema.

"Jana nilikuwa na haraka."

"Umesema ulipanda taratibu. Umesema leo, umesema jana."

"Basi halikuwa limepinduka. Nimelipindua mimi wakati nikiteremka. Mtu kaona mauaji, Bi Inspekta, atatazama miguu yake?"

Zeyana alimnyooshea simu. Alimweleza utepe wa zari ni wa nini, umeanguka lini na kutoka mikononi mwa nani. Hakuipandisha sauti. "Umelipindua wewe, na utepe ukaja ukajitandika juu yake wenyewe?"

Wakil aliikodolea macho picha. Alikuwa na sura ya kukumbuka mistari iliyopotea, na hakuna wa kumnong'oneza.

"Hukupita hapa, Wakil. Ulipita juu, kwenye wikio. Na kwa njia hiyo hiyo ulirudi, ukatokea mlango wa nyumba ya Mmanga, ukajichanganya na watu. Nani aliyekufungulia?"

Angekana, angelia, angetukana, Zeyana asingeshangaa. Alilofanya Wakil ni kutazama saa yake. Aliitazama kama mtu anayengojea jambo lifike wakati wake, kisha akaufunika mkono kwa upindo wa kanzu, na akasema kwa utulivu kwamba hatosema neno jingine mpaka apate mwanasheria.

Utulivu ule ulimtisha Zeyana kuliko uongo wake wote. Alimwambia Kheir amtie pingu asimwache hata kwa kusali, akatoka mbio, akavuka kichochoro, akagonga kwa Bi Tahiya. Alipiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dirisha la juu la jirani likafunguka, na sauti ya kike ikamwambia asijichoshe: Bi Tahiya katoka, kabeba chakula, kampelekea mumewe kituoni. Maskini, ilisema sauti, mke yule hamna mfano wake.

Zeyana alipiga simu ya kaunta. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita tena. Vichochoro vya Kiponda havina njia ya gari, na yeye alikuwa amevaa viatu vya kisigino. Akavivua, akavishika mkononi, akakimbia pekupeku mbele ya watu waliomjua, akipita katikati ya mikokoteni na wageni wapiga picha, huku akihesabu jambo moja tu kichwani. Mmanga amekataa chakula cha polisi tangu jana. Ana njaa. Na duniani kuna mkono mmoja tu ambao hakuukataa.

Kituoni askari wa zamu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka uani kutia udhu. Alisema ndiyo, Bi Tahiya kaja, hakukaa, kasema kichwa kinamuuma. Chakula askari huyo ameshakipeleka ndani mwenyewe, kwa huruma, hata kabla ya kukikagua. Zeyana hakumsubiri amalize. Alichukua ufunguo kutoka mkononi mwake, akaufungua mlango wa mahabusu.

Mmanga Khatib alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, bado na kanzu ya jana. Mbele yake palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa jekundu la ukili. Harufu ya wali wa nazi na mchuzi wa changu ilikijaza chumba kizima. Kawa halikuinuliwa.

Zeyana alichutama hapo hapo mlangoni, viatu mkononi. "Usile," alisema, ingawa sasa haikuwa na haja.

Mmanga hakumtazama. Sauti yake, iliyokuwa ikifika mpaka viti vya nyuma bila ya kipaza sauti, ilitoka ndogo sana.

"Ana mkono mzuri wa kupika, Tahiya. Kila siku huketi mbele yangu, anakula tonge moja la kwanza, halafu ndiyo na mimi nnakula. Sikumwamuru mimi, alianza mwenyewe, ili nipate kula. Leo kakiacha kaunta kaondoka. Hakuonja." Alilisogeza kawa kidogo likae sawa juu ya sahani. "Si yeye, Inspekta? Ridhwan alitaka kuniambia, si yeye?"

Zeyana alikuwa na majibu ya kazi: kwamba chakula kitapelekwa kupimwa, kwamba uchunguzi unaendelea, kwamba huenda mama wa watu kichwa kinamuuma kweli. Aliyaacha yote, akaviweka viatu chini. Akavuka chumba, akaichukua sahani kwa mikono miwili, na hilo ndilo lililokuwa jibu.

Mfalme wa Unguja alijifunika uso kwa viganja, na machozi yakapita kati ya vidole.

"Mlinicheka wote," alisema. "Na mimi nilifurahi mkinicheka. Kila usiku nilikuwa nnamwomba Mungu iwe kweli nna wazimu."